Miezi ya joto katika ghorofa ya juu: tuliyojifunza kuhusu umeme, jua na hewa ya usiku

Nairobi ni mji unaojiandaa kwa baridi. Ifikapo Juni, wauzaji wa soko la Gikomba huwa wameshaanika makoti na blanketi, na wazazi huwanunulia watoto sweta bila kuulizana sababu. Miezi ya joto, yaani Januari, Februari na sehemu ya Machi kabla ya mvua za masika kushika, haipewi uzito huo, kwa sababu wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hauwezi kumsumbua mtu kwa joto. Ni kweli kwamba hewa ya nje mchana huwa nyuzi 27 au 28 hivi, kiwango ambacho mtu wa Mombasa au Garissa angekifurahia. Hata hivyo, nyumba iliyo chini ya paa tupu la zege, au chini ya mabati yasiyo na dari, huweza kuwa na joto kali kuliko barabara iliyo nje ya mlango wake. Naandika kwa ajili ya wanaokaa katika nyumba za aina hiyo, kwa kuwa familia yetu ilipitia msimu mmoja wa joto huko Donholm, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, uliotugharimu pesa, usingizi na maelewano, na mengi kati ya mambo yaliyotuokoa hatimaye hayakuhitaji pesa nyingi.

Tulihamia humo Desemba, wakati mvua za vuli zilikuwa bado zinanyesha. Ilikuwa ghorofa ya mwisho, yenye sebule pana na madirisha makubwa yanayotazama magharibi, na kodi yake ilikuwa chini kidogo ya zile za ghorofa za katikati. Siku tuliyoiangalia kulikuwa na mawingu, nyumba ilikuwa na ubaridi mzuri, na mwanga wake ulitupendeza sana baada ya miaka ya kukaa nyumba ambayo taa iliwashwa mchana. Msimamizi wa jengo alitufungulia mabomba, akatuonyesha mahali pa kuanika nguo, na hakuna aliyezungumzia paa.

Kufikia wiki za katikati za Januari hali ilibadilika kabisa. Kuanzia saa nane mchana jua liliingia moja kwa moja sebuleni na kufika hadi ukuta wa pili, na baada ya magharibi, wakati majirani wa chini walipokuwa wakisema jioni imepoa, nyumba yetu ndiyo kwanza ilikuwa inapamba moto. Nilipanda juu ya kiti usiku mmoja nikaweka kiganja kwenye dari, nikaikuta na joto la kikombe cha chai kilichoachwa mezani kwa muda. Zege hulipokea joto la jua polepole mchana kutwa na kulitoa polepole vilevile, ndiyo sababu chumba chetu cha kulala kilifikia joto lake la juu kabisa wakati tulipokuwa tunapanda kitandani. Mtoto wetu mdogo alitokwa na vipele vya joto shingoni. Mimi na mume wangu tulianza kugombana juu ya feni, nani ielekezwe kwake na nani anaizima usiku, na wakati huohuo tokeni za umeme wa kulipia kabla zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima katika nyumba ya zamani zilikuwa zikiisha mwezi ukiwa bado haujakwisha.

Katika hali hiyo ya uchovu mtu huuziwa chochote. Duka moja la katikati ya mji lilitushawishi kununua kipoza hewa kinachotumia maji na barafu, kwa zaidi ya Sh12,000, na muuzaji akatueleza kwamba kingefanya kazi kama kiyoyozi mradi tufunge milango na madirisha. Maelezo hayo yalikuwa kinyume cha ukweli. Mashine ya aina hiyo hupoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na hilo huwezekana pale tu hewa kavu inapoingia kutoka nje na ile iliyolowa inapopata njia ya kutoka. Ukiifungia chumbani, baada ya muda mfupi hewa hujaa unyevu, jasho halikauki mwilini, na unajisikia vibaya kuliko mwanzo. Januari na Februari hewa ya Nairobi huwa kavu kiasi, kwa hiyo mashine hiyo ingeweza kutufaa mchana karibu na dirisha lililo wazi, lakini sisi tuliambiwa tufunge na tukafunga. Mwenye kufikiria kununua kifaa kama hicho aulize kwanza kinapozaje, na kama jibu ni maji, ajue kwamba dirisha lazima libaki wazi.

Jambo lililotufungua macho ni mita ya umeme. Mita za jengo letu zimepangwa chini karibu na ngazi, na kila mojawapo ina taa ndogo nyekundu inayomweka. Kwenye uso wa mita yetu imeandikwa kwamba mimweko 1,000 ni sawa na yuniti moja ya umeme, yaani wati 1,000 kwa saa moja, maana yake kila mmweko ni saa moja ya wati moja, na ukihesabu mimweko ya dakika moja kisha ukazidisha mara 60 unapata idadi ya wati zinazotumika wakati huo. Jumamosi moja asubuhi nilishuka na simu mkononi, mume wangu akabaki juu akizima kila kitu, kisha akawa anawasha kimoja kimoja na kunijulisha. Feni ilipokuwa peke yake nilisubiri zaidi ya dakika nzima kuona mmweko mmoja tu. Birika la umeme lilipowashwa taa ilimweka takriban kila sekunde mbili. Iliposikika sauti ya mume wangu ikisema, "Mama, sasa nawasha shawa," ile taa ilianza kukimbia kiasi kwamba sikuweza tena kuhesabu bila kukosea, na nikasimama pale chini nikiitazama huku nikiwaza kuhusu ugomvi wote tulioufanya juu ya feni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na ningependa kila kaya iifanye. Shawa ya umeme ya wati 5,000 humaliza yuniti moja kwa dakika 12, na muda huo ni wa mtu mmoja asiye na haraka. Feni ya wati 50 hufanya kazi saa 20 kabla ya kumaliza yuniti hiyohiyo. Balbu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 100. Maana yake ni kwamba mtoto anayefokewa kwa kuacha taa ya jikoni ikiwaka anaadhibiwa kwa jambo dogo, wakati kifaa kinachokula pesa kimetundikwa bafuni na hakuna anayekifikiria. Vifaa vinavyotengeneza joto, yaani shawa, birika, pasi na oveni ya umeme, ndivyo vinavyokula yuniti, na katika miezi hii vina ubaya wa pili, kwa kuwa joto lake hubaki humohumo ndani ya nyumba ambayo tayari imeelemewa.

Suluhisho la shawa lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Majengo mengi ya Nairobi, kwa sababu ya mgao wa maji, huwa na matangi meusi ya plastiki kwenye paa, na tangi hilo likikaa juani tangu asubuhi, maji yake jioni huwa na uvuguvugu wa kutosha kuoga bila kuwasha chochote. Tulihamisha saa za kuoga kutoka alfajiri hadi kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, tukaizima shawa kwenye swichi yake kubwa ya ukutani, na watoto walizoea mapema kuliko sisi wazazi. Anayelazimika kuoga alfajiri anaweza kutumia kipimo cha chini cha shawa, kama inacho, badala ya kile cha juu ambacho wengi wetu huwa hatukigusi tangu fundi alipoifunga. Niongeze tu kwamba shawa hizi huhitaji nyaya nene zinazostahili na waya wa ardhini uliofungwa na fundi mwenye leseni. Ukihisi mtetemo wowote unaposhika bomba, zima swichi na usiitumie tena hadi ikaguliwe.

Friji ilinichukua muda zaidi kuielewa, kwa sababu mmweko wake ni wa kawaida na haushtui. Tatizo lake ni kwamba haizimwi. Friji yetu, ambayo ni ya zamani kidogo, hutumia takriban wati 120 kompresa inapozunguka, na katika hali nzuri kompresa hupumzika karibu nusu ya muda, hivyo matumizi yake hukaribia yuniti moja na nusu kwa siku. Ile yetu ilikuwa haipumziki. Ilisimama pembeni mwa jiko la gesi, jua la alasiri lililipiga bavu lake kupitia dirisha la jikoni, na nyuma yake ilikuwa imegusana na ukuta kiasi kwamba mirija myeusi inayotoa joto haikuwa na pa kulitolea. Friji isiyopumzika hutumia karibu yuniti tatu kwa siku, na tofauti hiyo ikijumlishwa kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 40, ambazo kwa kaya ya kawaida ni sehemu kubwa ya matumizi yote.

Tuliihamishia kwenye ukuta wa kivuli, tukaiachia nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake, na nikafuta vumbi kwenye ile mirija kwa brashi baada ya kuchomoa waya. Kisha nikaijaribu raba ya mlango kwa noti: unaifungia noti kati ya mlango na mwili wa friji, halafu unaivuta, na ikitoka bila upinzani ujue baridi inatoroka mahali hapo. Kwetu noti ilitoka kirahisi upande mzima wa chini. Fundi alituletea raba mpya kwa gharama iliyofika Sh2,000 pamoja na ufundi wake, na sioni pesa nyingine tuliyoitumia msimu huo iliyorudi upesi kama hiyo. Mambo yaliyobaki ni ya nidhamu: chakula kipoe kwanza nje kabla ya kuingizwa, ingawa kisiachwe zaidi ya saa mbili kwa sababu ya vijidudu, na kwa joto hili saa moja ni salama zaidi; barafu ya friza iyeyushwe ikifikia unene wa kidole; na kipimo kisizungushwe hadi mwisho, kwa sababu nyuzi 4 zinatosha friji na nyuzi 18 chini ya sifuri zinatosha friza. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji iliyofungwa hutunza baridi yake kwa takriban saa nne.

Haya yote yalipunguza tokeni lakini hayakupunguza joto la chumbani, na hapo ndipo mama mkwe wangu alipotufaa. Alikuja kututembelea kutoka Kibwezi, mahali panapojua joto la kweli, na siku ya pili tu alinikuta mchana madirisha yote yakiwa wazi na mapazia yamefungwa kando ili upepo uingie. Alinitazama kwa upole akaniuliza, "Mwanangu, hewa unayoikaribisha saa hizi ni ya moto, na ile ya usiku iliyopoa mmeifungia mlango. Mnapoza nini?" Nilimjibu kwamba usiku kuna mbu, na kwamba magari ya barabara ya Outer Ring hayalali. Akasema, "Mbu wana dawa yao, mama. Nyumba isiyopumua usiku haina dawa."

Alikuwa na haki, na katika mji huu alikuwa na haki zaidi kuliko hata kule kwake. Mwinuko wetu hutupa zawadi ambayo watu wa pwani hawana: hata katika kilele cha Februari, usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 14 au 15 kuelekea alfajiri. Hewa hiyo ni baridi ya bure. Kazi ni kuiruhusu iingie na kupita, ipoze kuta, sakafu na dari, kisha kuifungia ndani kabla jua halijapanda. Ratiba yetu ikawa hivi: madirisha yote hufunguliwa mara tu hewa ya nje inapokuwa na ubaridi kuliko ya ndani, kwa kawaida baada ya saa moja jioni, na huachwa wazi usiku kucha, asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu hufungwa, na mapazia ya upande wa jua huteremshwa. Kujua wakati wa kufungua si vigumu, kwani ukisimama dirishani na kutoa mkono nje utahisi mwenyewe ni upande gani una joto.

Ili hili liwezekane tulifunga wavu wa mbu kwenye madirisha ya vyumba vya kulala na la sebuleni. Fundi wa mtaani alipima, akatengeneza fremu nyepesi, na gharama ikategemea ukubwa wa dirisha. Mwenye uwezo mdogo anaweza kununua wavu kwa mita na kuubandika kwa velkro, kazi ambayo niliifanya mwenyewe kwenye dirisha la bafuni. Anayekaa ghorofa ya chini ana suala la wezi ambalo sisi wa juu hatunalo, na kwake vyuma imara vya dirisha lazima vitangulie. Muhimu ni kwamba hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo dirisha moja lililo wazi halitoshi. Fungua la upande wa pili, na uache milango ya vyumba wazi iwezekanapo. Pale mkondo wa hewa ulipokuwa dhaifu tuliiweka feni kwenye dirisha la sebule ikielekea nje, kwa saa moja hivi jioni, ikawa inasukuma hewa ya moto nje huku hewa iliyopoa ikivutwa kutoka dirisha la chumbani. Feni haipozi chumba, hupoza ngozi ya mtu aliye mbele yake, kwa hiyo chumba kikiwa hakina mtu izimwe, isipokuwa katika kazi hii ya kusukuma hewa.

Ninapozungumzia kufunga madirisha mchana sizungumzii jikoni. Gesi ikiwaka, dirisha la jikoni liwe wazi, na yale matundu madogo ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kamwe kwa magazeti au nailoni. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu yoyote. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu.

Baada ya hewa, likabaki jua lenyewe. Pazia la ndani husaidia, lakini jua likishapita kwenye kioo, joto lake limeshaingia nyumbani na pazia hulipunguza tu. Kivuli kinachofaa zaidi ni kile kilicho nje ya kioo. Nilinunua neti ya kivuli, ile ya wakulima wa miche inayouzwa kwa mita katika maduka ya pembejeo, na kwa ruhusa ya mwenye nyumba tukaifunga kwenye vyuma vya nje vya dirisha la magharibi kwa waya mwembamba. Mwanga ulipungua kidogo, nami niliyeipenda nyumba hiyo kwa ajili ya mwanga nilisikitika, lakini sofa iliyokuwa haikaliki saa tisa alasiri ilianza kukalika. Kwa madirisha mengine tulishona kitambaa cheupe nyuma ya mapazia tuliyokuwa nayo, ili upande unaotazama jua uwe mweupe na urudishe mwanga ulikotoka.

Kuna jambo kuhusu upande wa jua ambalo wapangaji wengi hawalizingatii. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Januari huegemea kusini, katikati ya Machi huwa karibu utosini kabisa, na kufikia Juni huwa limehamia kaskazini. Chumba chenye dirisha la kusini ambacho ulikikuta kimepoa mwezi wa Julai kitapigwa na jua Januari, na asiyejua hilo atadhani hali ya hewa imeharibika. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa mwaka mzima, na ya magharibi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu jua lake hufika wakati hewa nayo imeshapata joto la siku nzima.

Paa lilikuwa suala la mwenye nyumba, na mazungumzo hayo yalihitaji subira. Tulimwomba aruhusu upande wa juu wa paa upakwe rangi nyeupe ya kurudisha mwanga, au hata chokaa, kwa sababu zege la kijivu lililochafuka hunyonya sehemu kubwa ya jua linaloliangukia na jeupe huirudisha. Mwanzoni alidhani tunataka kupunguziwa kodi. Sisi wapangaji wa ghorofa ya juu tulipokubaliana kuchangia rangi, naye akalipa fundi na kuziba nyufa zilizokuwa zikivujisha mvua, kila mtu akapata alichotaka. Dari jioni bado huwa na uvuguvugu, ila si lile joto la kwanza. Wenye nyumba za mabati wana njia rahisi zaidi: dari yoyote, hata ya mbao nyembamba, iliyoachiwa nafasi ya hewa kati yake na mabati, na juu yake karatasi ya foili inayorudisha joto, hubadilisha nyumba kabisa, na mabati ya rangi hafifu hupata joto kidogo kuliko yale ya rangi iliyokolea.

Jikoni tulibadilisha saa zaidi ya vyakula. Githeri na maharagwe, ambayo zamani yalichemka alasiri nzima, sasa hulowekwa usiku na kuchemshwa alfajiri, kisha sufuria hutiwa katika kile kikapu cha kupikia bila moto kilichotandikwa mito ya vitambaa, nayo humalizika kuiva kwa joto lake yenyewe. Maharagwe lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kwanza, hasa yale mekundu, kwani yasipochemka yanaweza kumdhuru mlaji, na nikifungua kikapu mchana huyachemsha tena kabla ya kupakua. Pasi nayo ilipewa asubuhi ya Jumapili, nguo zote kwa mkupuo mmoja zikiwa na unyevu kidogo, badala ya kuwashwa kila siku kwa ajili ya shati moja.

Kuhusu bei, kuna jambo lililonifanya nijutie Januari hadi Mei. Tangu Aprili 2023 umeme wa nyumbani hutozwa kwa madaraja matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi hapo hadi 100, na wanaozidi 100, na bei ya kila yuniti hupanda kwa daraja. Daraja lako hupimwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa hiyo kaya inayovuka yuniti 100 katika miezi ya joto haitozwi zaidi kwa miezi hiyo tu, bali huendelea kununua kwa bei ya juu hata mvua ikiwa imeshanyesha na feni imeshafungwa kabatini, hadi wastani ushuke. Sisi tulikuwa tunazunguka jirani na 100, na ile friji peke yake ndiyo iliyotuvusha. Juu ya bei hiyo kuna ushuru wa asilimia 16 na tozo nyingine zinazobadilika kila mwezi, ikiwemo gharama ya mafuta, ambayo huelekea kupanda ukame unapopunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na mitambo ya dizeli ikalazimika kufanya kazi zaidi. Ujumbe wa tokeni hutenganisha pesa ya umeme wenyewe na pesa ya tozo, na inafaa kuusoma kabla ya kuhitimisha kwamba mita ni mbovu. Mimi nilianza kuandika yuniti zilizobaki kila Jumapili jioni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, na tangu hapo ongezeko lolote lisilo la kawaida tunaliona wiki hiyohiyo.

Kwa yeyote anayetafuta nyumba sasa, nenda ukaiangalie saa tisa alasiri siku ya jua, hata kama wakala anasisitiza asubuhi. Simama chini ya dari ya chumba cha kulala, uguse ukuta wa magharibi, ufungue madirisha mawili yanayoelekeana uone kama hewa inapita au jengo la jirani limeiziba. Uliza kama paa lina dari au rangi, na kama mwenye nyumba ataruhusu wavu na kivuli cha nje. Kisha shuka hadi kwenye mita, umwombe msimamizi azime swichi kuu ya nyumba hiyo, na utazame ile taa nyekundu: ikiendelea kumweka, mita hiyo inalisha kitu kingine, pengine taa za ngazi au pampu ya maji ya jengo, na hilo linapaswa kurekebishwa kabla hujalipa amana.